Kozi ya Kuchagua Siyo Godoro

Dirisha la usajili limefunguliwa, na kwenye grupu la darasa limetua swali lile lile la kila mwaka.

"Wakuu, opshino gani laini muhula huu?"

Laini!

Yaani umesoma Sayansi ya Kompyuta mpaka hapo ulipo, umekesha na programu zinazogoma, umevuka kalkulasi iliyowatoa wenzako jasho na wengine ikawadisko kabisa, halafu siku unapewa ruhusa ya kuchagua mwenyewe, unatafuta pa kulalia?

Hebu fikiri. Karibu kila kozi uliyosoma ulipangiwa. Kamati ilikaa, seneti ikapitisha, wewe ukakuta jina lako kwenye orodha na kipindi saa moja asubuhi. Hukuulizwa. Pengine hata shahada yenyewe ulipangiwa na alama zako za kidato cha sita. Leo kwa mara ya kwanza mfumo unakuuliza: wewe unataka nini?

Na wewe unajibu: laini.

Amka!

Navijua vipimo vyako. Unauliza mwalimu anakamata au anaachia. Unauliza desa lipo au halipo. Unauliza pepa za nyuma zinajirudia au hazijirudii. Unauliza kipindi ni Jumatatu asubuhi au Ijumaa jioni, maana Ijumaa una mambo yako. Unauliza fulani kachukua ipi ili mkae pamoja. Maswali yote hayo, na hakuna hata moja linalouliza kozi yenyewe inafundisha nini.

Hata moja!

Haya, toa ngao yako. Najua unayo. Ngao yako ni GPA.

Basi kalamu na karatasi, tusibishane kwa maneno. Shahada ya miaka mitatu Tanzania ina krediti zisizopungua 360. Kozi ya kuchagua yenye krediti 12 ni sehemu moja ya thelathini. A ina pointi 5, B+ ina 4, B ina 3. Tuseme umeiacha kozi laini ambayo ungepata A bila kutoka jasho, ukaingia kwenye ngumu, ukapigana muhula mzima ukatoka na B. Umepoteza pointi 2. Zidisha kwa 12, gawanya kwa 360.

Umepata 0.07.

Ndiyo, sifuri nukta sifuri saba! Ulikuwa unaelekea 4.0, umetoka na 3.93. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Hujashuka popote. Hicho ndicho kilichokuwa kinakunyima usingizi? Kwa sehemu saba za mia umeuza muhula mzima wa maisha yako?

Nitakuwa mkweli. Kuna mmoja kati yenu aliyekaa ukingoni kabisa, ana 4.4 ya kuning'inia, analitaka daraja la kwanza kwa sababu ya ufadhili wa shahada ya uzamili. Huyo apige hesabu zake kwa makini, na akiamua kulinda simlaumu. Lakini wewe mwenye 3.1, wewe nawe unajificha nyuma ya GPA? Unalinda nini?

Sasa nikupe kipimo changu, nacho ni kimoja tu.

Chagua kozi ambayo peke yako hutaimaliza.

Soma tena.

Kutengeneza tovuti utajifundisha mwenyewe. Wako vijana ambao hawajakanyaga chuo hata siku moja, wamejifunzia kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na wanatengeneza tovuti kukushinda. Huhitaji seneti ikuruhusu. Lakini kompaila? Mfumo endeshi? Kriptografia? Mifumo iliyotawanyika? Utaianza likizo kwa ari kubwa, ukurasa wa arobaini utakushinda, utafunga kitabu na kusema nitarudi.

Hurudi.

Mimi najua hurudi, na wewe unajua hurudi. Mambo hayo yanataka mwalimu wa kumfuata ofisini, zoezi lenye tarehe ya mwisho, na mwenzako wa kubishana naye ubaoni saa tano usiku mpaka mlinzi aje kuzima taa. Vyote hivyo unavyo leo. Ukishavaa joho hutavipata tena kwa bei hiyo. Mkopo utakaokuja kukatwa kwenye mshahara wako miaka na miaka unalipia hivyo hasa. Na wewe unataka kuutumia kujifunza jambo ambalo ungelijua kwa bando la usiku?

Labda unasema: hayo magumu ya nini kwetu huku? Yana uhusiano gani na maisha ya Buguruni?

Nimekuwa nikilisubiri swali hilo.

Umewahi kuitazama tokeni ya LUKU?

Usiniambie unaiona kila wiki. Nimeuliza kama umewahi kuitazama. Unanunua umeme kwa simu, unaletewa tarakimu 20, unachukua rimoti, unabonyeza, taa zinawaka, unaendelea na mechi. Mita nyingi kati ya hizo hazina laini ya simu wala intaneti. Ni kisanduku tu, kimefungwa huko. Sasa kisanduku hicho kinajuaje kuwa tarakimu zile ni za kweli? Kinajuaje ni zake na si za jirani? Kinajuaje hukuziingiza jana ukapata umeme, na leo unataka kuziingiza tena?

Umeishi na swali hili nyumbani kwenu tangu utotoni. Unasoma Sayansi ya Kompyuta. Hujawahi kujiuliza?

Jibu liko kwenye kozi uliyoikimbia. Ndani ya zile tarakimu kumefungwa kiasi cha umeme, muda tokeni ilipotolewa, na alama ya ukaguzi, kisha vyote vikavurugwa kihesabu kwa ufunguo wa siri wa mita yako peke yake. Mita ya jirani haina ufunguo huo, ndiyo maana tokeni yako kwake ni takataka. Mita yako inafungua, inakagua, inalinganisha muda na tokeni ilizokwisha kupokea, ndipo inakubali. Haijampigia mtu simu. Hiyo ni kriptografia, imekaa ukutani kwenu, inakulisha mwanga. Na usidhani imeshuka kutoka mbali: kiwango hicho kilizaliwa Afrika Kusini miaka ya 1990 kikaenea duniani.

Subiri, bado.

Ule muda ndani ya tokeni unahesabiwa kwa dakika. Walioanzisha walianza kuhesabu mwanzo wa 1993, wakaupa nafasi ya biti 24. Wewe ni mtu wa kompyuta, sikufanyii kazi yako: 2 kwa kipeo cha 24 ni ngapi? Ni 16,777,216. Dakika hizo ni karibu miaka 32. Kwa hiyo zilikuwa zinakwisha tarehe 24 Novemba 2024, na siku hiyo mita isiyoguswa ingeacha kuzikubali tokeni mpya.

Unaikumbuka 2024? Ulinunua umeme, badala ya safu moja ya tarakimu ukaletewa tatu, ukanung'unika, ukaziingiza zote sitini huku ukikosea na kurudia. Ndiyo hiyo! Mikono yako mwenyewe ilikuwa inaibadilishia mita ufunguo, na hukujua unafanya nini. Bibi yako ana haki ya kutojua. Mpangaji wa chumba cha pili, fundi cherehani, ana haki ya kutojua.

Wewe je?

Sasa sikiliza vizuri. Hesabu mpya inaanzia 2014. Nafasi ni ile ile, biti 24. Maana yake itakwisha tena 2045. Utakuwa na miaka arobaini na kitu, umesimama kwenye kilele cha nguvu zako. Mamilioni ya mita, Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa, Kampala, zitataka kuguswa tena, au pawe pamebuniwa kitu kingine kabla ya hapo. Patakuwa na kikao. Patakuwa na meza. Nani atakaa kwenye meza hiyo? Wewe, au mgeni wa kulipwa kwa dola, na wewe nyumbani unasubiri tarakimu?

Mtu wa kukaa pale anaandaliwa leo. Anaandaliwa kwenye kozi ya kuchagua yenye wanafunzi kumi, saa moja asubuhi, kwenye chumba chenye feni moja mbovu.

Na wewe uko wapi saa hiyo?

Nikupe mfano mwingine. Mwaka 1987 profesa mmoja wa Amsterdam, Andrew Tanenbaum, alitoa kitabu cha mifumo endeshi pamoja na mfumo mdogo aliouandika kwa ajili ya kufundishia, Minix. Kule Helsinki mwanafunzi aitwaye Linus Torvalds akakinunua kitabu, akakisoma, akanunua kompyuta, akaanza kuandika mfumo wake, uliokuja kuitwa Linux. Agosti 1991, akiwa na miaka 21, akatangaza kwamba ana kitu anachokitengeneza kwa kujifurahisha tu. Januari 1992 Tanenbaum mwenyewe akaandika hadharani kwamba muundo wa Linux umepitwa na wakati, na kwamba kijana ashukuru hakuwa mwanafunzi wake, maana kwa muundo ule asingepata alama ya juu.

Asingepata A!

Leo kiini cha Linux kiko ndani ya kila simu ya Android, pamoja na hiyo uliyoishika. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa na Linux. Zote. Haki itendeke, profesa hakuwa mjinga. Hoja yake ya kitaalamu ina watetezi hadi leo, na bila kitabu chake kijana asingekuwa na pa kuanzia. Lakini niambie wewe: kama Torvalds angekuwa anauliza opshino gani laini, ungekuwa umeshika nini mkononi?

Sikuambii utaandika Linux. Nakuambia usiogope kufungua kifuniko. Toleo la kwanza kabisa la Linux lilikuwa na mistari kama 10,000 tu. Pale MIT wanafundishia mfumo mdogo uitwao xv6, nao haufiki mistari 10,000, na uko bure mtandaoni pamoja na kitabu chake. Unaweza kuusoma wote! Kila mstari! Kila faili! Unaweza kuweka kidole mahali ambapo programu moja inasimamishwa na nyingine inapewa zamu, ukaandika neno lako la kuchapishwa pale, ukaona kwa macho kompyuta ikigawa zamu. Siku hiyo hutaiogopa tena mashine maishani.

Utasema laptopu yangu ni mbovu. Nilijua! Xv6 haitaki laptopu mpya. Inaendeshwa ndani ya programu inayojifanya mashine, na hata ile laptopu ya mkono wa pili uliyonunua bumu la kwanza lilipoingia, betri imekufa, inaishi kwenye waya, inaiweza. Kisingizio hicho kimeisha. Lete kingine.

"Mwalimu wa kozi ile anakamata."

Anakamata nani? Umewauliza waliokamatwa walifanya mazoezi mangapi? Waulize leo. Wengi watakwambia walianza kusoma wiki ya mtihani. Hata kozi ya kupiga soga ungeikeri kwa mtindo huo. Na kama kweli mwalimu ni mgumu, anadai, anarudisha kazi imejaa wino mwekundu, huyo ndiye. Mkimbilie! Utakuja kufanya kazi na watu ambao hawatakurekebisha. Watakuacha ukosee kisha watakuondoa.

"Akili mnemba itaandika programu zote, nijisumbue ya nini?"

Hiki nakipenda, maana kinakuhukumu chenyewe. Ni kweli, tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, programu ya kawaida inaandikwa kwa dakika. Kwa hiyo kazi ya kuandika vitu vya kawaida, ile uliyotaka kuisomea kwenye kozi laini, ndiyo inayoshuka bei. Nani anabaki? Anabaki yule anayeweza kusoma kilichoandikwa na kusema: hapa pana kosa, watu elfu kumi wakiingia kwa pamoja hapa patavunjika, hapa siri za wateja zinavuja. Utayajuaje hayo kama hukuwahi kushuka chini?

Na kwa kuwa tumeitaja, nizungumze na kundi jingine. Ninyi mnaojaza kozi ya akili mnemba mpaka wengine wanasikilizia dirishani. Vizuri, nimefurahi, lakini mmekuja kutafuta nini? Kama ni kwa sababu kila mtu anakuja, mmechelewa. Mwaka 2012, pale Toronto, Geoffrey Hinton na wanafunzi wake wawili, Alex Krizhevsky na Ilya Sutskever, waliingiza mtandao wa neva kwenye shindano la kutambua picha. Waliufundisha kwa kadi mbili za michoro, zile za kuchezea gemu. Kosa lao lilikuwa asilimia 15.3, aliyewafuata alikuwa na 26.2. Dunia ikageuka. Lakini kwa miaka mingi kabla ya hapo, kusomea mitandao ya neva kulikuwa kichekesho. Vijana wale hawakuingia pale kwa sababu ukumbi ulijaa. Waliingia ukiwa mtupu. Mwaka 2024 Hinton akapewa Nobel ya fizikia.

Halafu ninyi ninyi, mnaotaka akili mnemba, mkiona kozi ya aljebra ya matriki ya kuchagua mnaikwepa. Mkiona nadharia ya uwezekano mnaikwepa. Mnaikwepa akili mnemba yenyewe! Ndani yake hakuna kingine. Larry Page na Sergey Brin walipopanga kurasa za mtandao kule Stanford, 1998 wakafungua Google, kiini cha upangaji ule kilikuwa hesabu ya matriki, ile ile uliyoisoma mwaka wa kwanza ukaapa hutaigusa tena. Ukitaka kujua kama una haki ya kukaa kwenye ukumbi ule uliojaa, fanya hivi usiku wa leo: andika mtandao wa neva wa tabaka mbili, bila kuazima maktaba ya mtu, ukokotoe kosa linavyorudi nyuma kwa mkono wako. Ukishindwa, chukua hesabu kwanza. Hakuna aibu. Aibu ni kuazima msimbo na kuuita wako.

Mengine nitayapita haraka, maana muda ni wako na unayoyoma.

Umetuma pesa. Zimetoka kwako, hazijafika kwa shangazi Kigoma. Ziko wapi? Zinawezaje kutofika mara mbili, au kutokatwa mara mbili, mtandao ukikatika katikati? Hiyo ni kozi ya hifadhidata za juu na mifumo iliyotawanyika. Leslie Lamport aliandika mwaka 1978 jinsi mashine zisizo na saa moja zinavyoweza kukubaliana kipi kilitangulia kipi, na mwaka 2013 akapata Tuzo ya Turing. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na hadi 2015 seva zake zilikaa Ujerumani. Mtu wa Kisumu alimtumia mwenzake wa Kakamega, na hesabu ikafanyika Ulaya! Zilihamishiwa Kenya. Je, zimekukuta umejiandaa?

Tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilianguka Tanzania na nchi jirani, nyaya za baharini, EASSy na Seacom, zilipopata hitilafu. Ulifanya nini siku hiyo? Ulizima simu ukaiwasha. Mwenzako aliyechukua mitandao ya juu alikuwa anaangalia njia zinavyohama, data ikizunguka kwa mlango mwingine. Mmoja alikuwa mteja. Mwingine alikuwa darasani.

Na kama chuo chako kinakuruhusu kuchukua kozi ya kitivo kingine, toka! Nani kakuambia kompyuta inaishia kwenye jengo lenu? Mfumo wa DHIS2, unaokusanya takwimu za afya katika nchi zaidi ya 70, mizizi yake ni Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, ukakuzwa pamoja na Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamo ndani yake. Unadhani uliwezekana na watu waliojua programu tu? Ilibidi mtu amwelewe nesi wa zahanati mwenye vitabu vya MTUHA mezani, foleni ya kina mama nje, na ripoti ya mwezi inayodaiwa wilayani. Chukua kozi ya afya ya jamii. Chukua uhasibu, ujue kwa nini vitabu vya tajiri wa Kariakoo haviingii kwenye programu yako nzuri. Chukua sheria: Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na kampuni zinatafuta mtu anayeisoma sheria na msimbo kwa pamoja. Unawajua wangapi wa namna hiyo? Mimi pia siwajui wengi. Huoni hapo mlango?

Basi inuka. Wiki za mwanzo za muhula vyuo vingi vinakuruhusu kuongeza na kuacha kozi. Zitumie! Kaa kwenye vipindi viwili vya kwanza vya kozi inayokutisha, hata kama hujajisajili. Kiti hakikuulizi. Angalia kama inadai kozi ya awali ambayo hukuisoma. Hilo ni jambo la kweli, siyo kisingizio, na ukiliona mapema utajua la kufanya. Nenda ofisini kwa mwalimu, gonga mlango. Usimwombe pepa za nyuma. Sema: "Shikamoo mwalimu, naomba unionyeshe zoezi gumu kuliko yote mliyofanya mwaka jana." Mtazame usoni. Atashangaa, halafu atakuvutia kiti. Hawazoei kuulizwa hivyo.

Ukilisoma zoezi lile ukahisi tumbo linacheza, lakini ukajikuta jioni unalifikiria ukiwa kwenye foleni ya kantini, umepata kozi yako.

Isajili. Usimsubiri rafiki yako. Rafiki yako anakusubiri wewe.

Najua umebakiwa na kisingizio kimoja, na hiki kina ukweli ndani yake: chuo kinazifuta kozi ngumu kwa sababu wanafunzi hawafiki idadi. Inaudhi. Kozi imeandikwa kwenye kitabu cha mwongozo miaka yote, mwalimu yupo, chumba kipo, halafu tangazo linabandikwa kwamba haitafundishwa. Lakini idara inaifuta kwa sababu gani? Kwa sababu mko wanne. Mko wanne kwa sababu kila mmoja alitazama orodha, akaona majina matatu, akarudi kwenye ile laini yenye majina mia mbili. Wewe ulikuwa mmoja wao!

Geuza hesabu hiyo. Ikishindikana kabisa, andikeni barua kwa mkuu wa idara, yenye sahihi zenu. Ikikataliwa, kusanyaneni Jumamosi mtumie kitabu cha xv6, au kile cha Robert Nystrom cha kutengeneza lugha ya programu, Crafting Interpreters, kiko bure mtandaoni chote. Lakini usianze na hilo. Anza na idadi.

Tuseme idara inataka kumi, na safari hii mko saba. Wa nane ni yule dada wa mwaka wenu anayejibu maswali magumu kwenye grupu usiku wa manane na hakuna anayemshukuru. Mpigie sasa hivi. Wa tisa na wa kumi wako chumba cha mwisho kwenye korido, wanabishana kuhusu mechi ya jana, nao bado wanauliza ipi laini. Dirisha linafungwa Ijumaa. Vaa viatu, kagonge.